Makoo na Mgoni wa Kwenye Lifti

Kwenye kituo cha televisheni walimwita Makoo, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba sauti zote zile zilitoka katika koo moja. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata hicho kitambulisho hakikumsaidia sana. Siku aliyopigwa picha alikuwa ameshinda akiigiza hakimu, na ule uso wa kuhukumu ulikuwa haujamtoka. Askari wakikiangalia walimrudishia kwa mikono miwili.

Enzi hizo kazi ilikuwa kazi. Siku hizi kijana anajifunika blanketi chumbani kwake, anaisemea simu, kompyuta inamnyoosha sauti kama shati lililopigwa pasi, na kabla ya chakula cha jioni keshaitwa msanii. Makoo na wenzake walisimama katika chumba kilichobandikwa trei za mayai kutoka sakafuni hadi darini, feni imezimwa ili isisikike, jasho linawatiririka, wote wamekizunguka kipaza sauti kimoja kama kuku kwenye bakuli. Aliyekohoa alinuniwa mwezi mzima. Radi ilikuwa kipande cha bati. Mvua ilikuwa mchele unaomwagwa polepole juu ya sinia, na ikifika saa ya chakula waliichemsha ile mvua wakaila.

Makoo aliigiza kila mtu. Alikuwa daktari, mlevi, mzimu, mwenye nyumba katili, na mama mkwe aliyesikika nyuma ya pazia. Katika tamthilia moja, kwa kuwa waigizaji wengine walikuwa wamegoma, alikuwa mtu aliyeuawa, tena muuaji, tena inspekta aliyempeleleza muuaji. Mwisho wake akawa hakimu, akajihukumu kifungo cha maisha, kisha akakimbia kubadili koti ili akalie kwenye benchi la ndugu wa marehemu. Katika filamu za nje aliingiza sauti za waume, wake zao na mbwa wao. Katika katuni ya watoto alikuwa punda, na kazi hiyo ya punda ilidumu kuliko mawaziri. Katika matangazo aliwahi kuwa gurudumu, sufuria, na jino linalouma.

Barabarani hakuna aliyemjua kwa sura, maana kwenye televisheni kila mara alivaa masharubu na koti la mtu mwingine. Lakini akifungua mdomo dukani kuomba chumvi, muuzaji alishtuka akaangusha kopo, maana chumvi iliombwa na yule mwenye nyumba aliyewafukuza yatima Jumamosi iliyopita.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuna mwongozaji aliyeweza kumtoa humo. Akipewa mtu mpya alimvaa wiki nzima kabla ya kurekodi. Alikula naye, akalala naye, akagombana na mkewe kwa sauti yake. Kwa hiyo mkewe, mwanamke mpole aliyemlelea watoto mpaka wakaoa na kuolewa, aliandaa meza kwa ajili ya inspekta na asubuhi akaamka ubavuni mwa mlevi. Jirani mmoja, aliyekuwa akisikia wanaume tofauti kila wiki kupitia ukutani, alikuja kumkalisha chini amshauri kuhusu mwenendo wake.

"Wote ni mume wangu," mke alimwambia.

"Hata yule punda?"

"Huyo ndiye ninayeelewana naye."

Siku iliyoharibu kila kitu ilikuwa siku ya sabuni. Makoo alikuwa ameshinda studio akirekodi tangazo la sabuni ya unga, akiwa mzee mchangamfu anayeokoa mashati, na maneno yake yalikuwa haya: "Usijali! Hili nalo litatoka!" Kisha kicheko kifupi cha furaha. Alirudia mpaka taya zikamuuma, maana mwenye sabuni alitaka kicheko kiwe na povu. Alipofika nyumbani alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani. Mama yake mzazi alikuwa amefariki mchana ule.

Makoo alimpenda mkwewe. Alitaka kusema pole. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Usijali! Hili nalo litatoka!"

Na kicheko kikafuata, na povu lake.

Mkewe hakupiga kelele. Walizika, wakarudi, akakunja nguo zake moja moja akazitia kwenye sanduku.

"Mama watoto, ulimi uliteleza," alisema Makoo.

"Huyo anayesema uliteleza ni nani?"

Makoo alijisikiliza. Alikuwa ni daktari wa tamthilia ya hospitali, yule anayewaambia watu habari mbaya.

"Miaka yote hii," mke alisema, "nimesemeshwa na mahakimu, nimesemeshwa na masufuria. Sijalalamika. Lakini mama yangu hafi mara mbili. Siku utakayonipa pole kwa sauti yako mwenyewe, nitarudi."

"Yangu ipi?"

"Umeona?" mke alisema, akabeba sanduku akaenda kwa dada yake.

Makoo akaanza kuitafuta sauti yake kama mtu aliyepoteza funguo. Alijisemesha mbele ya kioo akakutana na inspekta. Alijaribu kujishtukiza, akajigonga goti makusudi kwenye meza, na mayowe yaliyotoka yalikuwa ya yule mzimu. Alipochoka akaenda kwa fundi mitambo wa zamani wa kituo, mzee mwenzake, aliyekuwa akiishi katika chumba kilichojaa mashine zilizokufa ambazo alizifuta vumbi kila asubuhi kana kwamba zitaitwa kazini.

"Wewe ulinirekodi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," Makoo alimwambia. "Lazima kuna kanda niliyoongea mimi mwenyewe. Hata nikiomba chai."

"Kanda?" Fundi alicheka bila furaha. "Kanda zako walizifuta. Juu ya tamthilia zako wamerekodi matangazo ya magodoro. Niliwaambia, jamani, hao ni watu mnaowafuta. Wakaniambia nafasi ni finyu." Akatema mate dirishani. "Tena chai uliiomba kwa sauti ya yeyote aliyekuwa zamu. Hebu nisemeshe."

"Habari za siku nyingi."

"Huyo daktari."

"Goti linaniuma."

"Mlevi."

"Mke wangu ameniacha."

Fundi alifumba macho, akainamisha kichwa upande mmoja kama alivyofanya zamani akiwa na vipokea sauti masikioni. Makoo alishika pumzi.

"Huyu simkumbuki vizuri," fundi alisema. "Ngoja. Namkumbuka. Ni lile jino."

Dada wa mkewe alikaa ghorofa ya saba katika jengo la zamani lenye rangi ya chai iliyopoa. Lifti ilikuwepo, ila Makoo hakupanda lifti tangu alipoigiza mtu aliyezikwa hai. Alipanda ngazi akapumzika kila kituo. Shemeji yake alimfungulia mlango nusu, mwili wote umeuziba uwazi.

"Shemeji, karibu. Leo umekuja na nani humo ndani?"

"Peke yangu."

"Aliyesema peke yangu ni inspekta. Mrudishe kituoni." Kisha akashusha sauti, na usoni mwake mlikuwa na huruma, au labda ni raha tu ya mtu mwenye habari. "Shemeji, mimi sipendi umbea, lakini wewe ni ndugu yangu. Mkeo amepata mwenzake."

"Mwenzake wa nini?"

"Wa nini, mtu mzima! Kila asubuhi anajipaka poda, anajitanda khanga safi, anatoka. Hafiki sokoni, hafiki kokote. Anarudi anatabasamu. Namuuliza ulikuwa wapi? Anasema, nilikuwa na mtu mstaarabu. Haongei sana, ila anachokisema anakitimiza."

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Humu humu kwenye jengo. Anashuka, anapanda, anashuka. Mimi nikitoka kuchungulia, simwoni."

Makoo alishuka ngazi zote bila kupumzika popote.

Kesho yake alirudi amejigeuza. Alivaa ovaroli ya fundi bomba, akabandika masharubu kutoka kwenye sanduku lake la kazi, akapiga magoti karibu na bomba la ghorofa ya chini, spana mkononi. Mtu wa kwanza ambaye Makoo alimshuku alikuwa mlinzi wa mlangoni, lakini mlinzi hakuwa na jino hata moja mbele na alisinzia akiwa amesimama, kwa hiyo Makoo alimfuta kwenye orodha. Baada ya muda mkewe akatokea, amejipaka poda kweli. Akampita yule fundi bomba bila kugeuza shingo.

"Baba watoto, masharubu yanaanguka," alisema, akaingia kwenye lifti. Milango ikafungwa.

Na hapo Makoo akasikia. Ndani ya kile kisanduku, sauti ya mwanamume. Ya chini, tulivu, haina haraka. Na mkewe akacheka.

Alitimua mbio kupanda ngazi. Ghorofa ya pili, milango ndiyo inafungwa. Ghorofa ya tatu, vilevile. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alibana ukutani kumpisha fundi bomba mzee anayekimbia, sharubu moja imebaki. Ghorofa ya nne Makoo alijirusha, akaingiza spana katikati ya milango, akaingia akihema kama mashine ya kusaga.

Mkewe alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mgoni wako!"

"Ghorofa ya nne," ilisema sauti kutoka darini. "Milango inafungwa. Tafadhali simama mbali kidogo."

Milango ikafungwa.

"Huyo hapo," mke alisema.

Makoo aliinua uso akakitazama kile kitundu cha spika. Hasira za mume zilimpungua, za mwigizaji zikapanda.

"Huyu? Huyu ndiye? Hana mapigo! Hana rangi yoyote kooni! Msikie, anasoma tu. Nani aliyempa kazi mtu kama huyu?"

"Ghorofa ya tano," ilisema sauti bila kuudhika.

"Humjui?" mke aliuliza.

"Simjui na sitaki kumjua."

"Ni wewe, baba watoto."

Lifti iliipita ghorofa ya sita kabla Makoo hajakumbuka. Ilikuwa zamani, siku ya punda. Alikuwa amelia punda tangu asubuhi, koo limebaki kama gunia tupu, na jioni wakaja watu wawili wa lifti na karatasi yao, wana haraka, umeme unakaribia kukatwa. Hapakuwa na wiki ya kumvaa mtu. Fundi mitambo akasema, we soma tu, nani anaisikiliza lifti? Akasoma tu. Hakuna aliyekuwa zamu humo ndani.

"Siku nilipokuja kung'oa jino," mke alisema, "wewe ulikuwa kijana wa kuita wagonjwa pale kliniki, dirishani. Ulisema, namba saba, karibu, pita polepole. Nilikuwa naogopa kufa. Nilipokusikia nikaona kumbe hata nikifa, kuna mtu ataniambia nipite wapi. Kisha wakaja hao wa televisheni wakakuchukua. Sikujua wamekuhifadhi humu."

"Ghorofa ya saba," ilisema sauti. "Milango inafunguliwa."

Milango ikafunguliwa, mke akatoka.

Sasa Makoo alikuwa ameipata sauti yake, ila ilikuwa juu ya dari na yeye alikuwa chini. Akafanya alichokijua. Akamvaa. Wiki nzima alipanda na kushuka, hofu ya kuzikwa hai ameimeza, akimfuatisha yule mtu neno kwa neno. Nyumbani alifungua kabati akisema, milango inafunguliwa. Alipojiona yuko tayari akaenda kwa shemeji, akasimama sebuleni na kifua mbele.

"Mke wangu, pole kwa msiba."

Shemeji alipiga makofi. Mke alitikisa kichwa.

"Umemzidisha. Yule wa kwenye lifti hajui kama anasikilizwa. Wewe unajua."

Hayo yangeweza kuisha polepole, kama siyo wenye jengo. Siku hizi kitu kikifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, watu wanaona aibu. Wakaleta mafundi vijana, wakang'oa kile kisanduku cha sauti kilichokuwa nyuma ya vitufe, wakakitupa kwenye gari la taka, wakaweka kingine cha kompyuta. Sasa lifti ilizungumza kwa sauti ya binti ambaye hajawahi kuzaliwa. Hakuwa na mapafu. Alivuta neno pasipovutwa, akakata pasipokatwa, na alifurahia kila ghorofa kana kwamba ni zawadi. Pale lifti ilipokwama na wazee wawili ndani, aliwatakia siku njema mpaka walipotolewa.

Shemeji alimpigia simu Makoo. Hakuwa na mzaha.

"Njoo. Amejifungia chumbani, hali chochote. Nilidhani ule upuuzi wa lifti ni wa kupita. Sasa ana misiba miwili, na wa pili sijui nimpe pole kwa maneno gani."

Makoo alimpitia fundi mitambo. Mzee yule alikuja na koleo lake mfukoni, akiwa amevaa tai, maana ilikuwa mara ya kwanza kuitwa kazini tangu wamstaafishe. Mlinzi akasinzia kwa adabu. Fundi alifungua kibati cha vitufe, akaitazama ile mitambo mipya kwa dharau, akakata waya mmoja. Binti asiyezaliwa akanyamaza katikati ya neno ghorofa.

"Haya," alisema fundi. "Studio ni yako. Usikohoe."

Makoo akaingiza kigoda, akaketi kwenye kona ya lifti, akaanza kazi.

Asubuhi aliwapandisha wapangaji kwa sauti ya hakimu, nao walisimama wima, wengine wakavua kofia. Hakimu alipokauka akaja daktari, na mama wa ghorofa ya pili akamweleza habari za mgongo wake. Inspekta alimfanya kijana fulani arudishe kandambili alizovaa bila kuomba. Mlevi aliiruka ghorofa ya tano bila kuitaja. Mwenye nyumba katili alimwogopesha mwenye nyumba halisi, ambaye alishuka njiani akamalizia kwa ngazi. Watoto wakataka punda, wakapewa punda, wakapanda na kushuka mpaka punda naye akaisha. Mmoja mmoja walimtoka, kama abiria, na hakuna aliyerudi. Jino lilidumu kidogo baada ya chakula cha mchana. Ilipofika alasiri Makoo alikuwa ameketi na koo kama gunia tupu, akisema namba tu watu washuke.

Fundi mitambo, aliyekuwa amesimama nje ya milango ghorofa ya chini, aliinamisha kichwa upande mmoja. Aliingia, akapanda hadi ya saba, akaenda kugonga kwa shemeji.

Lifti ilipofunguka tena juu, mke alikuwa amesimama hapo. Hakuwa na poda. Aliingia, akasimama akiitazama milango, siyo mumewe.

"Milango inafungwa," alisema Makoo.

Ikafungwa.

"Ghorofa ya sita."

Taa ya ndani ilipepesa.

"Nyumbani kukoje?" mke aliuliza, akiwa bado anaitazama milango.

Hilo halikuwa kwenye karatasi ya watu wa lifti. Makoo alitafuta wa kulijibu, akakuta hamna mtu.

"Bomba la jikoni linavuja," alisema. "Nimeweka ndoo. Ikijaa namwaga. Ghorofa ya tano. Mama yako alikuwa akiniwekea kile kiti cha karibu na dirisha. Kila nilipokwenda. Hakuwahi kuniuliza leo nimekuwa nani. Nilitaka kukwambia siku ile, nikashindwa. Pole sana, mke wangu."

Ghorofa ya nne ilipita bila kutajwa, ya tatu pia, na ya pili. Chini kabisa milango ilifunguka yenyewe, mlinzi akafumbua jicho moja, akaona mzee ameketi kwenye kigoda akijifuta uso kwa mkono wa shati, na mwanamke amesimama amemwekea mkono begani.

Mke hakutoka. Alinyoosha kidole akabonyeza kitufe cha saba.

"Unarudi juu?" Makoo aliuliza, na hofu ikamshika.

"Sanduku langu liko juu. Nitabeba vipi nisichokuwa nacho?" Akamgusa bega kwa kidole. "Haya, sema. Lifti haiendi yenyewe."

"Milango inafungwa," alisema Makoo.

Ikafungwa.